Ungetoa makusanyo yako yote upate sarafu moja tu ya ndoto yako? (Tembo wa Tabora, 1916)

Mnyanyembe:

Wakuu habari za leo. Naombeni mawazo yenu maana hii ni wiki ya pili silali vizuri na hapa nyumbani hakuna mtu wa sarafu wa kuongea naye hili jambo.

Mimi nakusanya sarafu mwaka wa 19 sasa. Nina kama 640 hivi kwenye albamu saba. Za Mjerumani ninazo nyingi, pesa za shaba zile zenye maandishi ya Kiarabu za 1890 mpaka 1892, heller (senti za Mjerumani) za kila aina, rupia za fedha zenye Kaiza na helmeti yake. Za Mwingereza karibu miaka yote, senti za tundu, shilingi za simba. Za kwetu ninazo zile nne za mwanzo za 1966 zikiwa hazijatumika kabisa, samaki, mbuni, sungura na mwenge, halafu zile za fedha za 1974 za twiga na kifaru. Zote nimezipata moja moja, nyingine nimezifuata mpaka Ujiji.

Sasa sarafu ninayoiota tangu nianze ni moja. Rupia 15 za dhahabu, Tabora 1916. Wanaoijua wanaijua, tembo kanyanyua mkonga anapiga kelele, nyuma yake mlima, na herufi T ya Tabora. Mimi ni mtoto wa Tabora, baba alikuwa mtu wa reli, na hii sarafu ilipigwa kwenye karakana ya reli palepale kwetu wakati wa vita ya kwanza, meli za Mwingereza zimefunga bahari hakuna hela inayoingia kutoka Ujerumani, wakachukua dhahabu ya Sekenke kule Iramba wakatengeneza wenyewe. Jumla zilitoka 16,198 na mwezi wa 9 mwaka huohuo Wabelgiji wakauchukua mji, ndiyo ikawa mwisho. Nimekulia mita chache kutoka kwenye ile reli na sijawahi kuishika hiyo sarafu hata siku moja.

Mwezi uliopita nimekutana na mzee mmoja hapa Dar anayo. Ya urithi. Hataki pesa, nilimuuliza mara tatu. Anataka albamu zangu zote saba, ana mjukuu wa miaka 11 ameshikwa na sarafu sana na mzee anasema tembo mmoja kwenye boksi hamfundishi mtoto kitu, anataka mtoto awe na kitu cha kufungua kila siku. Anataka zote, sio nusu.

Kwa bei ya minada ya nje tembo anauzwa maelfu ya dola, albamu zangu zikipigwa hesabu nadhani zinakaribiana naye, labda chini kidogo. Kwa hiyo suala sio kupunjana. Suala ni je ungetoa? Uwe umekusanya miaka 19 halafu ubaki na kimoja kwenye kiganja?

FundiMizani:

Kabla ya kuuliza moyo uliza mizani kwanza ndugu yangu. Hiyo sarafu inafojiwa sana, nimeshaletewa feki zake sita na wote waliozileta walisema ni ya urithi na wala hawakuwa wanadanganya, babu yao ndiye aliyeuziwa.

Ya kweli ina gramu 7.168 na dhahabu yake ni 750, yaani robo tatu, sio dhahabu tupu, kwa hiyo ukiona mtu anakwambia hii ni karati 22 jua hajui anachoshika au anajua sana. Feki ya shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu ikiwa na upana na unene uleule itakuja kama gramu 4 tu, ndo maana wanaifanya nene. Fanya hivi, chukua mizani ndogo ya sonara inayosoma pointi mbili, weka glasi ya maji juu yake, ibonyeze isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba uishushe ndani ya maji ining'inie, isiguse chini wala ukuta wa glasi. Ikiwa ni dhahabu ya 750 na uzito wake ni ule, mizani itasoma chini kidogo ya nusu gramu. Ikisoma 0.8 ni shaba, rudisha albamu zako nyumbani.

Lakini usiishie hapo maana wapo wanaozitengeneza kwa dhahabu ya kweli kabisa, sarafu yenyewe inapita bei ya dhahabu mara nyingi kwa hiyo inawalipa. Hapo sasa inabidi uchukue lenzi. Sarafu ya kugongwa na ya kumiminwa hazifanani, ya kumiminwa ina vitundu vidogo kama ngozi ya chungwa hasa chini ya tumbo la tembo na kwenye mikunjo ya sikio, na herufi zake kingo zimelegea, utaona kama sabuni iliyotumika. Angalia pia ukingo wa pembeni kama kuna mshono. Halafu upande wa pili, wenye tai, zipo aina mbili, pambo la kulia linaishia chini ya T au chini ya A ya kwanza ya neno OSTAFRIKA (Afrika Mashariki kwa Kijerumani). Likiwa halipo popote kati ya hapo, au limeelea elea, achana nayo.

Usimkosee heshima mzee, mwambie tu kila sarafu inayoingia kwako unaipima, na hata yeye apime zako.

Kuhusu swali lako lenyewe, mimi singetoa. Lakini mimi sina sarafu ninayoiota, napenda zote, kwa hiyo jibu langu usilichukue sana.

BintiKisauni:

Mnyanyembe pole na kukosa usingizi, naielewa kabisa hiyo hali.

Mimi jibu langu ni hapana na nitakwambia kwa nini. Nyanyangu alikuwa na kasha la mninga, chini kabisa chini ya leso kulikuwa na kifuko cha kitambaa na ndani yake sarafu 14. Ya thamani kwa sokoni hakuna hata moja. Lakini kulikuwa na pesa ya Mombasa ya 1888, ile ya kampuni ya Waingereza, upande mmoja mizani na mwaka wa Kiislamu 1306. Imelika mpaka mizani yenyewe inaonekana kama kivuli. Nyanya aliniwekea mkononi akasema hii aliachiwa na mamake na mamake alikuwa akinunulia samaki Bandari ya Kale. Nilikuwa darasa la sita. Hapo ndipo nilipoanza.

Sasa hivi ninayo pesa hiyohiyo ya 1888 ikiwa safi mno, inang'aa kidogo kwenye kingo, niliinunua kwa mtu Malindi. Na ninayo rupia yake yenye herufi H ya kiwanda cha sarafu cha Birmingham. Ukiniuliza nikabidhi moja kati ya ile safi na ile iliyolika hata sifikirii, nakupa ile safi. Na wewe kwenye hizo albamu saba naamini unazo kama ile iliyolika. Tembo akija atakuja na hadithi ya mzee na baba yake mzee, sio yako. Utamwangalia, ni mzuri, hakuna anayebisha, lakini hakukujua ulipokuwa mdogo.

Umesema umezifuata mpaka Ujiji. Hiyo safari ukitoa albamu unaitoa pia.

JamaaWaThika:

Niaje wakubwa. Mi ni mgeni kwa hii mambo, miaka miwili tu, lakini nataka kusema kitu. Ndoto yangu ilikua senti kumi ya tundu ya 1936 yenye jina la Edward wa nane. Huyu mfalme alikaa chini ya mwaka, akaacha kiti Desemba hiyohiyo 1936, na kule kwao Uingereza pesa yenye sura yake haikuwahi kutolewa kwa watu watumie, zilibaki za majaribio tu na bei yake ni ya kutisha. Lakini huku kwetu senti tano na senti kumi zilikua na tundu katikati, hazina mahali pa kuweka sura, zinaandikwa jina peke yake, so zikapigwa na zikatumika, watu walinunua chumvi na hizo. Mama yangu anasema guka (babu) alikua anazifunga kwa kamba kiunoni ndio zisipotee.

Nilipata yangu Gikomba kwa mzee anauza vyuma, alikua nazo kwa mkebe wa kahawa, nikachambua karibu saa moja nikaiona. Nililipa shilingi mia mbili. Mikono ilikua inatetemeka honestli na yeye haelewi kwa nini.

Kwa hivyo mi sijui kuhusu kutoa zote, sina zote. Lakini Mnyanyembe siku ile nilipata hiyo senti sikujali ingine yoyote kwa muda wa wiki nzima. Kama ni hivyo unavyojiskia ukifikiria huyo tembo basi chukua.

MwanaShangani:

Assalaam alaykum. Nimesoma nikaona lazima nijibu maana miye nilifanya hichi unachotaka kufanya.

Mimi ni mtu wa Unguja lakini niko Maskati mwaka wa 23 huu. Nilikuwa nakusanya sarafu zote za Zanzibar na za pwani. Pesa za mizani za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, nilikuwa nazo zaidi ya mia, za mwaka wa Kiislamu 1299 na za 1304. Reale za fedha za Maria Theresa wa Austria kumi na kitu, zile ambazo zote zimeandikwa 1780 hata kama zimepigwa miaka mia baadae, wazee wetu walikuwa wakizihesabu kwa vidole na kuzigonga juu ya jiwe kusikiliza mlio. Nilikuwa pia na senti za mnazi za 1908 za Sayyid Ali, hizo wajuaji wanajua kuzipata ni kazi, nyingi ziliyayushwa.

Ndoto yangu mimi ilikuwa riyali ya fedha ya Sayyid Barghash ya 1299, yaani 1882. Haina picha, ni maandishi matupu ya Kiarabu pande zote mbili, jina lake na mwaka, lakini yale maandishi alieyachora alikuwa na mkono, wallahi. Mwaka 2014 mtu mmoja wa hapa alikuwa nayo, hali nzuri sana, akataka vyote nilivyokuwa navyo. Nikafikiri siku tatu nikampa.

Sasa sikiliza. Ile riyali sijaijutia hata siku moja mpaka leo. Iko hapa mezani naandika naiangalia. Lakini kuna kitu hakuna aliyeniambia. Miye nilikuwa baada ya sala ya isha nakaa na kitambaa na lenzi na daftari, nazipanga, naandika, nalinganisha hii na ile, mizani ya hii imeinamia kulia na ya hii imenyooka. Saa mbili zapita sijui. Baada ya kubadilisha, usiku wa kwanza niliitazama riyali nusu saa. Wa pili robo saa. Ikafika wiki ya tatu isha imekwisha nimekaa na sina la kufanya. Sarafu moja haipangiki. Mke wangu ndie alienambia, mbona siku hizi walala mapema.

Nilikaa miezi mitano hivyo halafu nikaanza tena upya, pesa moja ya mizani kwa riali nusu, kisha nyengine. Sasa ninazo 31. Na nataka nikwambie ukweli wote, zile 31 ni nzuri kuliko zile mia za mwanzo, maana sasa najua kuchagua.

Kwa hivyo ukitaka kutoa toa, lakini usijidanganye kuwa utabaki na moja. Utaanza tena. Jiulize umri wako na pumzi yako kama vipo.

MtuWaMasoko:

Mi ndoto yangu ni dhahabu ya Kilwa, ile ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyejenga Husuni Kubwa, lile jumba la kale la Kilwa Kisiwani. Zinazojulikana duniani ni tatu tu. Nikiipata natoa albamu, natoa na pikipiki. Kuna vijana huku kusini wanasema wanaokota za shaba ufukweni mvua ikinyesha, nikipata za kutosha labda siku moja…

FundiMizani:

@MtuWaMasoko ndugu yangu hapo simama kidogo. Sheria ya mambo ya kale ya 1964 inasema kitu chochote kilichotengenezwa na mtu kabla ya 1863 ni mali inayolindwa, huwezi kuchimba, kuuza wala kupeleka nje bila kibali. Na Kilwa Kisiwani ni urithi wa dunia tangu 1981. Hao vijana waambie wapeleke kwa watu wa mambo ya kale na waseme waliokota wapi hasa, maana sarafu ya Kilwa ukishaitoa pale ilipolala umeifuta nusu ya habari yake. Zile tano za shaba zilizookotwa 1944 kwenye kisiwa kule kaskazini mwa Australia, watu mpaka leo wanaumiza kichwa zilifikaje huko, na ni kwa sababu tu aliyeziokota aliweka alama kwenye ramani. Angetia mfukoni akanyamaza leo tusingekuwa na hata hilo swali.

MtuWaMasoko:

Nimekuelewa mkuu. Sikuwa najua kuhusu mwaka 1863. Nitawaambia.

Mnyanyembe:

Nimerudi wakuu. Asanteni sana, nimesoma kila mmoja wenu zaidi ya mara moja, na ya MwanaShangani nilimsomea mke wangu kwa sauti akanyamaza kwanza halafu akasema huyo mtu anakuelezea wewe.

Jumamosi nilikwenda kwa mzee na mizani. Nilimweleza kama FundiMizani alivyosema, hakukasirika hata kidogo, akamwita mjukuu wake aje aone. Mtoto ndiye aliyeshika uzi. Uzito 7.16, kwenye maji ikasoma 0.47. Nikaiangalia kwa lenzi dirishani karibu dakika arobaini, mikunjo ya sikio imekaa sawa, pambo linaishia chini ya T, ukingo hauna mshono. Nina uhakika kwa kadiri ya ujuzi wangu kwamba ni ya kweli.

Nitawaelezea ilivyo ukiishika maana nilijiahidi nikiishika nitaandika. Ni ndogo kuliko nilivyodhani. Haizidi sana ukucha wa dole gumba la mtu mzima. Rangi yake sio njano ile ya pete za harusi, imepauka kidogo, ina ubaridi fulani wa rangi. Mguu wa mbele wa tembo umenyanyuka nusu hatua na chini ya mguu pana alama ya ufa mwembamba kama unywele, nadhani chuma chao cha kugongea kilikuwa kimeanza kuchoka, kwenye karakana ya kutengenezea vichwa vya treni, katikati ya vita. Pale ndipo nilipoishiwa nguvu. Sio kwenye dhahabu, kwenye ule ufa. Baba yangu alifanya kazi miaka 27 kwenye karakana za reli na angeuona ule ufa angejua fundi alikuwa anawaza nini.

Basi nikasema sawa. Nikatoa albamu zote saba mezani tukaanza kuzipitia ukurasa kwa ukurasa, mzee, mimi na mtoto. Mtoto anajua, alisimama kwenye senti za tundu akauliza yenye jina la Edward iko wapi, nikamwonyesha, nikakukumbuka JamaaWaThika.

Tukafika albamu ya tatu. Kuna heller 20 ya shaba, ya njano ile, Tabora 1916, ina T. Hizi walizipiga hukohuko pamoja na tembo kwa ajili ya matumizi ya kawaida na sio adimu, kwa sokoni ni pesa ndogo. Yangu ina jeraha la jembe pembeni. Baba aliilima akiwa anapanda mwembe nyuma ya nyumba ya reli, mimi nimesimama pembeni na ndoo ya maji, nina miaka minane. Akaifuta kwenye suruali akanipa akasema hii imetengenezwa kazini kwetu. Hiyo ndiyo ya kwanza, hizo 639 nyingine zimeifuata hiyo.

BintiKisauni, ulisema ninayo na mimi nikiandika lile swali hata sikuikumbuka, nilikuwa nahesabu tu 640.

Nikaichomoa. Nikamwambia mzee chukua zote, hii moja naomba nibaki nayo, nitakutafutia nyingine ya aina hiyohiyo bora zaidi na nitaileta mwenyewe. Mzee akaitazama, akaigeuza, akasema hapana. Sio kwa ubaya. Akasema kitu ambacho sina jibu lake mpaka sasa, kwamba tembo anaondoka kwake ambako amekaa miaka yote, na kama mjukuu atabaki na kitu kimoja cha Tabora anataka kiwe kile kilichotoka ardhini Tabora, sio cha kununua. Mtoto alikuwa ameshaishika, anapitisha kidole kwenye lile jeraha la jembe.

Hatukugombana. Tulikunywa chai, nikafunga albamu, nikarudi nazo kwenye bodaboda kwa safari mbili. Tembo kabaki kwake. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi, na amesema hampi mtu mwingine kabla ya hapo.

Mimi hizo 639 nyingine nimeshaziaga, hilo nimeligundua nikiwa njiani, moyo ulikuwa umeshaziachia kabisa. Tunabishania kipande cha shaba. Jumapili nitampigia simu mama Tabora nimuulize kama ule mwembe bado upo, na kama kuna mtu anaweza kulima pale pembeni yake kidogo.

MwanaShangani:

Mpigie leo, usingoje Jumapili.